Maabara Katika Chumba cha Abubakar

Watu wa Magogoni humwita Mapenzi Munga daktari, naye kila mara huwasahihisha. "Mimi si daktari, mimi hupima tu," husema. Hawamsikii. Kwao, mtu aliyevaa koti jeupe na kukutoboa kidole ni daktari, basi, yamekwisha.

Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika maabara ya hospitali ya serikali kule kisiwani Mombasa. Muda huo wote alipokea vichupa na vioo vya damu kutoka upande wa bara, na wenye damu hiyo hakuwaona. Alichokiona ni tarehe. Damu imetolewa Jumatatu, imemfikia Alhamisi, jibu limerudi Jumatatu ya pili, na mgonjwa kwa wakati huo ameshameza dawa za ugonjwa asiokuwa nao, au ameshazikwa. Mapenzi si mtu wa makelele. Hasira yake ilikuwa ya chini kwa chini, ya mtu anayeosha vyombo kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Alipostaafu mapema, akiwa na miaka hamsini na mitano, wanawe walidhani mama atarudi Kaloleni kulima minazi. Yeye akaanza kuzunguka Kisauni kutafuta chumba.

Chumba alipewa na Mzee Nassor, mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye jamaa zake wamekaa Magogoni tangu enzi za mababu. Kilikuwa chumba cha nje, mlango wake ukitazama barabara, na kilikuwa kimefungwa kwa kufuli miaka sita. Aliyekuwa akilala humo ni Abubakar, mtoto wa pekee wa Mzee Nassor na mkewe Bi Barke. Kijana huyo alishikwa na homa, akazungushwa maduka ya dawa wiki mbili nzima. Hapa akapewa vidonge vya homa ya matumbo, pale akapigwa sindano, na hapana hata mmoja aliyemtazama damu. Ilipokuja kutazamwa, malaria ilikuwa imeshampanda kichwani. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

"Chukua hiki," Mzee Nassor alimwambia Mapenzi, akimpa ufunguo. "Mwenyewe hakihitaji tena. Wengine wapimwe humo."

Mapenzi alilia siku hiyo, na Bi Barke ndiye aliyembembeleza, badala ya kinyume chake.

Kazi ilichukua karibu mwaka. Meza ya saruji ikajengwa na kubandikwa marumaru, ili damu ikidondoka ipanguswe isiingie popote. Sinki likawekwa. Vijana wa msikitini wakachimba shimo la kutupia sindano nyuma ya nyumba, na hadubini ikatoka kwa waumini wa kanisa ambalo Mapenzi huimba kwaya. Wakaguzi wa kaunti wakaja, wakatikisa vichwa, wakarudi tena, wakatoa kibali. Lililobaki lilikuwa maneno ya watu, nayo hayana mkaguzi. Ilivumishwa kwamba damu inauzwa. Mapenzi hakubishana na mtu. Kila jioni alipofunga kazi aliita majirani wawili, yeyote na yeyote, washuhudie damu iliyobaki ikitiwa dawa na kumwagwa shimoni. Kuna bibi mmoja alihudhuria wiki tatu mfululizo bila kukosa, na mwishowe akawa anakuja kupiga soga tu.

Kwa hiyo watu wakamwamini. Hilo ndilo lililojengwa pale Magogoni kwa taabu kubwa, kuliko sinki na meza.

Sasa nieleze habari ya maji, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Upande wa bara wa Mombasa mfereji hutoa maji unapotaka wenyewe, na visima vyetu vina chumvi. Tunafulia, tunaogea, tunaoshea vyombo, maisha yanaendelea. Lakini rangi ya kutafutia malaria haitaki chumvi hata kidogo. Ukiichanganya na maji matamu, chembe nyekundu za damu hupasuka, na vijidudu vya malaria vilivyojificha ndani huonekana. Ukitia maji ya chumvi, chembe zinabaki nzima, zimesongamana, na vijidudu vimekaa humo humo raha mustarehe. Mapenzi alikinga maji ya mvua kutoka bati la nyumba hadi tangi lililowekwa uani. Kila asubuhi, kabla ya kuchanganya rangi, alichota kikombe na kuweka tone ulimini.

Alikuwa na karatasi za kupimia maji kwenye mtoto wa meza. Miezi ya mwanzo alizitumia kila siku. Kisha akaona ulimi wake unajua upesi zaidi, na karatasi zikabaki mle. "Ulimi wangu haujanidanganya tangu nizaliwe," alikuwa akisema, na watu wakicheka. Nampenda sana mama huyu, lakini hapo alijivuna.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Mapenzi ni Mkristo, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwambia asile wala asinywe. Bi Barke mwenyewe alimletea chai siku ya kwanza ya mfungo, akamwambia anywe bila wasiwasi. Chai ikapoa mezani. Mapenzi aliona uani pale pana watu wazima waliofunga, wenye nyumba waliompa chumba cha mtoto wao, na yeye asimame mbele yao atie kitu mdomoni? Hakuweza. Kiu yake aliimaliza nyumbani kwake. Na ule mtindo wa kuonja maji ya tangi akauacha, kwa adabu ile ile. Maji ya mvua, alijiambia, hayabadiliki.

Wakati huo vile vipimo vya haraka vya malaria, vinavyotoa jibu kwa dakika kumi na tano, vilikuwa vimekwisha, na vipya vilikuwa havijafika. Kila mwenye homa alikuwa akipimwa kwa kioo na hadubini.

Mfungo wa tisa tangi lilikuwa limebaki maji kidogo ya chini. Asubuhi ya mfungo wa kumi, baada ya manyunyu ya alfajiri, Mapenzi alikuta limejaa zaidi ya nusu. Akamshukuru Mungu kwa sauti, akaingia kazini.

Tangu siku hiyo vioo vyake vilitoka na ukungu. Aliona. Asingekuwa fundi kama asingeona. Akailaumu chupa ya rangi, maana ilikuwa imekaribia tarehe yake ya mwisho. Akaagiza nyingine, na wakati akiingoja akaendelea kusoma na kuandika majibu. Hana malaria. Hana malaria. Hana.

Idi ilipopita akarudi kazini. Bi Barke akamkaribisha uani kwa mkate wa sinia na kahawa, wakala pamoja wakicheka, kwa kuwa mwezi mzima hawakuwa wamekaa hivyo. Kisha Mapenzi akaenda tangini, akachota, na kama alivyozoea, akaweka tone ulimini.

Alisimama pale na kikombe mkononi. Akaonja tena.

"Au kahawa yangu ilikuwa chungu leo?" Bi Barke alimtania. "Mbona uso umekubadilika, mwanangu?"

"Mamangu, maji haya yametoka wapi?"

Uso wa Bi Barke ukafunguka kwa furaha, kama mtu aliyekamatwa akifanya jema kwa siri. "N'liyajaza mimi. N'liona tangi linakwisha, na wewe huna wakati wa kuhangaika. Nikateka kisimani ndoo kwa ndoo, baada ya daku. Ni sadaka ya Abubakar wangu, mwezi mtukufu, maji katika chumba chake. Sikutaka kukwambia. Sadaka ukiitangaza yapungua." Akatulia. "Nilidhani ni ya kuoshea vioo. Nimekosea kitu?"

Mwanamke wa miaka sabini na minne alikuwa ameteka maji gizani kwa mikono yake, huku amefunga, kwa ajili ya mtoto aliyekufa. Mapenzi aliweka kikombe chini. Aliingia ndani, akafunga mlango.

Vioo vya siku zote zile alikuwa amevihifadhi sandukuni, kama kanuni inavyotaka. Alivitoa kimoja kimoja, akaviweka chini ya hadubini, na sasa, akijua anachokitafuta, aliona wazi. Damu nzima nzima, nene, isiyopasuka. Chini yake pangekuwa na malaria tele na yeye asiione. Akafungua daftari. Kuanzia mfungo wa kumi hadi wa ishirini na tisa, watu arobaini na mmoja walitoka chumbani mle wakiwa wameambiwa hawana malaria.

Nisimfanye malaika. Alikaa juu ya kigoda chake na akafikiria kunyamaza. Wengi wao, alijiambia, homa zao zilikuwa za mafua, wameshapona. Wengine wameshakwenda kwingine. Akitoka nje na kusema, watu watasema maabara inaua, na maneno ya kuuza damu yatarudi, na kila mtu atarudi kununua vidonge kwa kubahatisha, kama alivyofanyiwa Abubakar. Atakuwa amebomoa kwa mdomo wake kitu ambacho kesho kingeweza kuokoa mia. Hoja ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri hata ikamtisha.

Mzee Nassor alibisha hodi akaingia. Mkewe alikuwa amemweleza habari ya maji, na yeye, mtu mwenye akili zake, alikuwa ameshaunganisha.

"Sema ni sisi," alimwambia. "Waambie watu, wenye nyumba walitia maji ya chumvi bila ya wewe kujua. Wallahi ni kweli, na sisi ni wazee, watatusamehe."

"Mwalimu, nyinyi mlitoa maji. Aliyetakiwa kuyapima ni mimi."

"Barke akijua, itamvunja."

"Atajua, hilo halizuiliki. Lakini hatalisikia kwa watu, kwamba ni yeye."

Akatia sindano, pamba, spiriti na vioo mkobani, akachukua daftari, akatoka kwa miguu.

Ilimchukua siku nne. Mtopanga, Magogoni yote, hadi mabanda ya nyuma ya soko la Kongowea. Kila nyumba alisema maneno yale yale: "Nilikupa jibu lisilo la kweli. Kosa ni langu. Naomba nikupime tena." Damu aliipeleka kwa mwenzake wa zamani kisiwani aisome kwa maji safi. Mwanamke mmoja alimfungia mlango usoni, akaja kumfungulia kesho yake. Mwanamume mmoja alicheka, akasema alishapona zamani, akampa kidole huku akiangalia simu. Wengine walimtukana, naye alisubiri wamalize kisha akaomba kidole. Katika watu arobaini, tisa walikuwa na malaria, wawili kati yao wajawazito. Wote wakapata dawa kwa wakati.

Wa arobaini na mmoja alikuwa Randu, mtoto wa miaka minne. Babake, Chrispine, huvuta mkokoteni Kongowea. Mamake ni Josephine. Mapenzi alikuta mlango wao una kufuli.

"Wamekwenda kwao Ganze," jirani alimwambia. "Mtoto amewafia. Homa ile ile. Walipomfikisha hospitali wakaiona malaria, lakini alikuwa ameshaanza kukakamaa."

Mapenzi aliegemea ukuta. Jirani akamletea kiti, akamwambia pole, akidhani ni shangazi wa marehemu.

Angeweza kuishia hapo. Hata Mzee Nassor alimwambia, kwa huruma, kwamba kumweleza mama aliyefiwa hakumrudishii mtoto. Mapenzi akamjibu kwamba Josephine atakaa maisha yake yote akijiuliza yeye mwenyewe alikosea nini. Asubuhi yake akaenda Ganze.

Alikuta watu wamekaa kwenye mikeka, wanawake upande wao, siku ya tatu ya matanga. Akapewa maji ya kunawa, akapewa nafasi. Akamsalimu mama mkubwa wa boma kwa Kigiriama, akamnong'oneza kilichomleta. Mama yule alimshika mkono kwa nguvu.

"Usiseme, mwanangu. Mtoto ameshazikwa. Nenda salama."

"Siwezi, mama."

Josephine alikuwa ndani, amelala upande, na mtoto wake mchanga Eddah ananyonya. Alimtambua. Alijaribu hata kuinuka amwamkie, na hilo lilimuumiza Mapenzi kuliko yote yaliyofuata. Akapiga magoti kando ya mkeka, akasema. Hakusema kwa Kilatini cha hospitali. Alisema maji yalikuwa ya chumvi, kwamba alipaswa kuyapima na hakuyapima, kwamba Randu alikuwa na malaria siku ile alipomtoboa kidole, na kwamba angeiona angepewa dawa. "Wewe ulimleta siku ya kwanza ya homa. Ulifanya kila ambacho mama hufanya. Aliyekosa ni mimi."

Josephine alimtoa Eddah kwenye ziwa, akaketi.

"Nilimwogesha maji baridi," akasema. "Uliniambia si malaria, nikamwogesha, nikampa panado, nikamwambia aache kulia."

"Ndiyo."

"Nilimpiga kofi, kwa sababu alikuwa akilia tu na nilijua hana kitu."

Kisha akapiga ukelele ambao uliwaleta wanawake wote ndani, na Mapenzi akatolewa nje. Chrispine akamsindikiza hadi barabarani, akiwazuia vijana waliotaka kumpiga. Walipofika akasema tu, "Nenda, mama," akageuka.

Mapenzi alijishtaki mwenyewe kwa wakaguzi wa kaunti, akafunga maabara. Ukaitishwa mkutano uwanjani. Mtu mmoja akauliza, na wengi wakaitikia: nani aliyejaza tangi? Mapenzi akasimama. "Tangi la maabara ni langu na maji yake ni yangu. Mkitaka jina, ni hilo." Wakapiga kelele, akabaki amesimama.

Jioni ile Bi Barke alikuja kwake, yeye ambaye magoti hayamruhusu kutembea mbali. Alikaa kitandani mwa Mapenzi, hakuvua hata buibui. "Kwa nini hukunitaja?" akauliza. Mapenzi akamweleza habari ya ulimi, ya adabu ya mfungo, ya karatasi zilizolala ndani ya meza. Walilia pamoja, na sijui kama yupo aliyemliwaza mwenziwe. Bi Barke alisema sadaka yake ameipeleka mahali pabaya. Mapenzi akasema sadaka iliyotolewa kwa nia ile Mungu anajua kuipokea, lakini Bi Barke alikuwa ameshainuka kwenda zake.

Wakaguzi walikaa na faili lake wiki sita. Uamuzi wao ulikuwa kwamba afungue, kwa masharti: maji yanunuliwe, yaliyosafishwa kiwandani, yapimwe kwa karatasi kila asubuhi na kuandikwa, na kila kioo kisomwe na watu wawili. Akampata Jael, fundi mwenzake kutoka Changamwe. Chumba kikapakwa chokaa upya, mlango ukafunguliwa.

Hakuja mtu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wenye homa walipita mbele ya mlango wakielekea duka la dawa, na Mapenzi akiwahesabu. Jioni ya siku ya tano alimwambia Jael kwamba wiki ikiisha hivi atamrudishia Mzee Nassor ufunguo wake.

Siku ya sita, asubuhi, Josephine alisimama mlangoni. Amekonda, kanga nyeusi kichwani, na Eddah mgongoni amelegea, macho yameiva kwa homa. Akakaa kwenye benchi, akamfungua mtoto, akamweka mapajani.

Mapenzi hakuweza kumsogelea. "Mwanangu," akasema, "nitakuandikia barua, wakupokee kwingine upesi. Jael atakusindikiza. Huna haja ya kuwa hapa."

"Sijakusamehe," Josephine akasema. Hakuinua sauti. "Wala sijui kama nitakusamehe. Lakini kule kwingine wakiniambia mtoto hana kitu, nitajuaje kama ni kweli? Wewe ukikosea utakuja kuniambia. Ulikuja hadi Ganze."

Akamshika Eddah mkono, akaufungua ule mkono mdogo, akakitoa kidole.

Mapenzi alilia pale pale mbele ya mgonjwa, jambo ambalo miaka yote ya kazi hakuwahi kulifanya. Kisha akanawa mikono kwa sabuni, akaifuta, na akamwomba mama amshike mtoto vizuri asije akashtuka.